Mgomba Haukuwa Taka

Kianjokoma, Alhamisi alasiri

Kinoti, baba,

Umeenda Kiirua kumuaga nyanya yako, na najua hutarudi kabla jua halijazama, kwa sababu nyanya yako hajawahi kumwachilia mtu aondoke kwake bila kula mara mbili. Basi nina alasiri nzima peke yangu. Mambo ya koti zito, ya pasipoti ikae mfuko gani, ya kutowaamini watu wanaojitolea kukubebea mzigo, baba yako ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya sanduku lako. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu ulipokuwa kidato cha kwanza.

Nakuandikia kwa sababu nikikwambia uso kwa uso nitapiga kelele. Unanijua. Nitaanza na kosa langu, na kabla chai haijapoa litakuwa limegeuka hotuba dhidi ya serikali, dhidi ya wafadhili, dhidi ya mwenyekiti wa ushirika wa kahawa, na utaondoka hapa ukidhani mama yako alikuwa upande wa haki siku zote. Nimeishi hivyo. Nimewaandikia wahariri wa magazeti barua nyingi kuliko nilizomwandikia baba yako. Watu wa soko hili wakiniona na gazeti kwapani huvuka barabara. Kiswahili nilikifundisha miaka kumi na tisa na ndiyo lugha pekee inayonituliza, kwa hiyo nivumilie nikikuandikia kama mwalimu.

Wiki iliyopita ulinipa pendekezo lako la utafiti. Ukasema, "Mama, nitolee makosa, lakini usiniue." Nikaketi nalo kibarazani, kalamu nyekundu mkononi. Kichwa chake: Mwelekeo wa utafiti kuhusu ujasiriamali katika uchumi wa mzunguko, yaani kugeuza taka kuwa mali. Makala zote ulizokuwa ukiniletea likizo baada ya likizo nimezisoma, Kinoti, hata zile ulizodhani nafungia maandazi. Ngoja nikwambie nilichokiona, kisha nikwambie kwa nini sina haki ya kukisema.

Nimeona watu wanaohesabiana. Mmoja anakusanya maandiko ya wenzake, anayapitisha kwenye kompyuta, inatoka picha ya maneno yaliyounganishwa kwa nyuzi za rangi: ubunifu, vijana, uendelevu, mtindo wa biashara. Picha inapendeza kama kitenge. Anayekuja baada yake anaihesabu na hiyo. Niliigeuza juu chini nikitafuta neno ng'ombe. Halimo. Nimeona pia kwamba mjasiriamali huhojiwa akiwa bado mchanga, mashine ina rangi yake ya dukani na yeye anatabasamu. Baada ya miaka minne, mashine ikiwa imekuwa mahali pa kuku kutagia, hakuna anayerudi. Biashara iliyokufa haijazi hojaji. Kwa hiyo maandiko yenu yamejaa watu wanaofanikiwa, na sisi tulioko huku tunajiuliza hao watu wanaishi wapi.

Na zaidi ya yote, sijaona swali ambalo mtoto wa darasa la tatu hapa Kianjokoma angeliuliza: hicho kitu, kabla hamjakiita taka, kilikuwa cha nani, na alikuwa anakifanyia nini?

Kalamu ilikuwa inakimbia. Nilikuwa nimefurahi, nakiri, jinsi ninavyofurahi nikipata mtu wa kumpiga. Kisha nikafungua ukurasa wa tatu nikajikuta mwenyewe.

Umeandika kwamba umelelewa ndani ya mfano hai. Kwamba mama yako aliacha kazi ya ualimu akaanzisha kikundi cha wanawake cha kutoa nyuzi kwenye mashina ya migomba "yaliyokuwa yakitupwa mashambani," na kwamba makala ya Daktari, yule mtafiti wa chuo kikuu, kuhusu kikundi hicho ndiyo iliyokufungua macho. Umeyapigia mstari maneno hayo. Niliiweka kalamu chini na sijaishika tena hadi leo.

Mashina hayakuwa yakitupwa.

Wewe ulikuwa shule ya bweni miezi tisa kwa mwaka, na ukija likizo ulikuta mvua na majani mabichi. Lakini fikiria. Mkungu ukishakatwa hapa kwetu, shina hufanywa nini? Kiangazi kikikausha nyasi za nepia, shina hukatwakatwa kwa panga likalishwa ng'ombe, kwa sababu limejaa maji na hakuna kingine. Linalobaki hulazwa katikati ya mistari lishike unyevu. Samadi ya ng'ombe hurudi kwenye mgomba. Hata majani yana wanaoyataka, wafungaji wa miraa upande wa Meru. Huo ulikuwa mzunguko, na haukuwa na jina kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuupa jina. Mimi ndiye niliyeukata, na kwa kuukata nikaitwa mjasiriamali wa uchumi wa mzunguko.

Baba yako alijua. Siku mashine ya kutoa nyuzi ilipoletwa alisimama pale mlango wa banda, akaitazama, akaniuliza mbele ya wanawake wote, akiniita kwa jina la kaka yako mkubwa:

"Mama Mugo, hii itakula mashina mangapi kwa siku?"

"Yote tutakayopata."

"Na ng'ombe watakula nini Februari?"

"Baba Mugo," nikamwambia, "siku gurudumu lilipovumbuliwa, wewe ungekuwepo ungeuliza punda watapata kazi wapi."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Baba yako naye akacheka, akachukua panga lake akaenda kukata nepia. Hakuliuliza tena swali hilo. Nimekuwa nikishinda mabishano katika nyumba hii kwa miaka thelathini, Kinoti, na hiyo ndiyo siku ninayotamani ningeshindwa.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoyapata hayo mashina, maana hilo hutalikuta katika makala yoyote. Wa kwanza kunipa alikuwa Mama Igoki. Ungedhani nilimshawishi kwa hoja. Hapana. Nilivuka kijito nikaenda kwake, nikakaa, nikakubali chai, nikanywa kikombe cha pili, ndipo nikaomba. Unajua desturi yetu. Mtu akija mwenyewe hadi mlangoni pako, akanywa chai yako, kisha akaomba kitu unachokiona kimelala shambani, huwezi kumnyima. Ukitaka kumnyima ulipaswa kumnyima chai. Nilikuwa naijua desturi hiyo vizuri, na ndiyo maana sikumtuma mtu. Nyumba baada ya nyumba, mgongo mzima huu wa kilima, nilikunywa chai hadi nikapata kiungulia. Nilikuwa nawalipa kidogo, ndiyo. Lakini hawakuuza kwa ajili ya malipo. Waliuza kwa sababu Mwalimu alikuja mwenyewe.

Daktari alifika Novemba. Mvua ilikuwa inanyesha, kila mahali kijani, ng'ombe wameshiba wanacheua. Ni mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Alivaa gambuti za baba yako akaingia matopeni nasi. Lakini amekulia mbali, Kiembu hakijui, na Mama Igoki Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Mwenye biashara akawatafsiria wale wanaoulizwa kuhusu biashara yake, na hakuna aliyeona ajabu. Wewe ukienda huko ona ajabu.

"Muulize," Daktari akasema, "kabla ya kikundi hiki mashina haya alikuwa anayafanyia nini."

Nikamuuliza. Mama Igoki akajipangusa mikono kwenye leso, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Si unajua, Mwalimu. Nilikuwa nawapa ng'ombe. Hata sasa ningewapa, lakini ukija mwenyewe nitakuambiaje? Mwambie kiangazi kikija sijui nitafanya nini." Kisha akacheka, akanigusa goti. "Hilo la mwisho usimwambie. Ataona nakushtaki."

Daktari alikuwa ananingoja, kalamu hewani.

Nikamwambia kwa Kiingereza: "Anasema alikuwa anayatupa tu. Sasa anashukuru kwamba anapata cha kununulia sukari."

Mama Igoki alilisikia neno la sukari, ambalo hata kwa Kiingereza analijua. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Sukari, ndiyo," akasema kwa Kiswahili chake. Daktari akatabasamu, akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Fedha hazikuwapo mezani siku ile. Sikuwa na njaa, hakuna aliyenitisha. Nilitaka kuwa sahihi. Nilikuwa nimeacha kazi ya pensheni, walimu wenzangu walikuwa wananisema, baba yako alikuwa ameniuliza swali lile, na hapa alikuwa ameketi mtu mwenye kalamu ambaye angeweza kuandika kwamba nilikuwa sahihi na ikachapishwa. Hilo tu. Watu wengi huuza roho zao kwa bei nzuri kuliko hiyo.

Mwaka uliofuata mvua za Machi hazikuja. Nepia ikawa kama nyaya. Watu wakaanza kunikwepa kwa namna mpya. Nikifika wanasema chai imeisha. Siku moja Mama Igoki akaja bandani, akasimama kando hadi mashine ikazimwa.

"Mwalimu, yale makapi mnayamwaga wapi?"

"Pale nyuma. Unayataka?"

"Ng'ombe anaweza kulamba."

"Chukua yote, Mama Igoki. Bure kabisa."

Nilijisikia vizuri. Hata niliwageukia wanawake nikawaambia, mnaona, hata makapi yanarudi kazini, huu ndio mzunguko wenyewe. Akawa anakuja na gunia kila jioni, akinishukuru.

Makapi yale yalikuwa na nyuzi. Nyuzi fupi fupi, ndefu ndefu, zilizoponyoka mashine. Ng'ombe wake akala wiki kadhaa, kisha akaacha kula, tumbo likajaa upande mmoja, akalala. Daktari wa mifugo alifika akiwa amechelewa. Walipompasua walitoa tumboni mpira wa nyuzi, mkubwa kama ule mliokuwa mkichezea shuleni, umesokotwa na kukazwa kuliko kamba yoyote tuliyowahi kuitengeneza. Nilikuwepo. Nilizitambua nyuzi zile jinsi mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa akimsomesha Igoki. Mliketi dawati moja darasa la saba, alikuwa akikushinda hesabu, usijifanye umesahau. Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Ulipokuja likizo ukaniuliza yuko wapi, nikakwambia ameenda kwa shangazi yake Gachoka. Ni kweli alienda Gachoka. Sikukwambia kwamba anachuma majani ya muguka kwenye mashamba ya watu huko, na kwa nini.

Mama yake hakuwahi kunilaumu. Nilimwendea, nikakaa, akaweka chai. Nikaanza, "Mama Igoki, yale makapi..." Akanikata: "Ni Mungu, Mwalimu. Kunywa chai." Ningalipenda anitukane. Mtu akikutukana una cha kujibu, na mimi kujibu ndiyo kazi yangu. Nilikunywa ile chai, ya rangi, kwa sababu maziwa hayakuwepo tena katika nyumba ile, na nikarudi nyumbani nikaandika barua kwa mhariri kuhusu mashimo barabarani.

Makala ilitoka baadaye. Daktari alinitumia nakala, kuna picha yangu nimeshika fungu la nyuzi nikicheka. Nilisoma ile sentensi yake kuhusu mashina yaliyotupwa, na nilikuwa na anwani yake, na nilikuwa na mikono miwili. Sikuandika. Nilijiambia kikundi chenyewe kimeshaanza kufa, mnunuzi wa Nairobi ameacha kupokea simu, kuna haja gani. Lakini makala haikufa. Mwingine akaitaja, na mwingine akamtaja huyo, na watu wa miradi wakaichukua wakaenda nayo vijijini upande wa Imenti kuwaambia wanawake kwamba ushahidi upo. Mwanamke mmoja wa huko alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya heshima sana.

"Mwalimu, ni wewe wa kwenye kile kitabu?"

"Ni mimi."

"Nilitaka kuuliza tu. Nyinyi kiangazi mlifanyaje?"

Ningeweza kumwokoa kwa maneno matatu. Nikamwambia, "Vumilieni, mama." Akasema asante, akakata.

Kwa hiyo uwongo wangu sasa una wajukuu, na mmoja wao ni pendekezo lako. Hili ndilo lililonifanya nishindwe kuitumia ile kalamu nyekundu. Daktari ndiye atakayekusimamia masomoni huko ng'ambo. Alisema alipokukubali kwamba aliguswa kuona mtoto wa mwanzilishi anataka kuiendeleza kazi. Una akili, alama zako ni zako, lakini wenye akili ni wengi na mlango ni mmoja. Ulifunguliwa kwa jina langu, na jina langu huko limejengwa juu ya sentensi niliyoitoa mdomoni mwa jirani yetu na kuweka nyingine mahali pake.

Wazazi hudai kwamba makosa yao yamewafunza kitu. Mimi nimejifunza machache sana kwa gharama ya watu wengine. Nimejifunza kwamba mtu anayejibu kwa maneno mengi akiulizwa, na mkalimani akayatoa mafupi, kuna kitu kimebaki njiani. Nimejifunza kwamba Novemba si mwezi wa kufanya utafiti Kianjokoma. Nimejifunza kwamba shukrani ya mwanamke kama Mama Igoki haithibitishi chochote, maana angekushukuru hata kama unamng'olea paa la nyumba yake. Na kwamba mimi, niliyewapigia kelele wezi wa kila aina katika kaunti hii, nilikuwa nahitaji tu kuketi mbele ya mtu mwenye kalamu ili niwe mmoja wao. Haya hayafikii hata nusu ukurasa. Ng'ombe mmoja, msichana mmoja, na sijui wangapi wa upande wa Imenti ambao sitawahi kuwajua majina.

Sasa lililobaki, ambalo ni gumu kuliko yote. Leo saa sita, ulipokuwa umeshaondoka, nilikwenda saiba pale sokoni, kwenye kompyuta za kulipia, nikamwandikia Daktari barua pepe. Nimemweleza alichosema Mama Igoki na nilichosema mimi, neno kwa neno. Nimemweleza habari za ng'ombe. Nimemwambia aiondoe makala au aandike nyingine, na kwamba wewe hukujua lolote. Nikabonyeza kabla sijafikiria mara ya pili, kwa sababu kufikiria mara ya pili ndiko kulikonipitisha miaka yote hii.

Sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema, "Mama, ngoja kwanza nifike." Nami ningengoja, tena kwa shukrani. Kisha ningengoja umalize, upate kazi, uoe, na tungelizika jambo hili pamoja na Mama Igoki. Pia niliwaza kukuachia wewe uamue, nikaona hiyo ingekuwa mara ya pili kumtwika mwingine makapi yangu na kuyaita zawadi.

Huenda atashukuru. Huenda ataona aibu na kufunga mlango, na wewe ndiye utakayekuwa umesimama hapo na sanduku. Nikikwambia naamini la kwanza nitakuwa nakudanganya. Nimesoma maandiko yenu ya kutosha kujua kwamba watu hawapendi kuirudisha kalamu nyuma, na kwamba hata akiirudisha yeye, wale waliomtaja hawatasikia, na mashine mpya zitaendelea kufika vijijini zikiwa na rangi ya dukani. Mpaka naandika haya hajajibu. Kwa hiyo sijui kama kesho unasafiri au unaenda kurudishwa, na mimi mama yako ndiye niliyefanya usijue. Ukinichukia nitaelewa. Sitabishana, na wewe unajua hilo kwangu lina uzito gani.

Barua hii naiweka juu ya kitanda chako. Usinijibu kwa maandishi. Nimemwalika Mama Igoki tule pamoja jioni hii kwa kuwa unaondoka. Amesema ataleta ndizi. Hajui nilichosema kwa niaba yake siku ile. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nitamwambia leo, kwa Kiembu, tukiwa mezani, na nataka uwe umeketi hapo usikie kila neno, ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nilisema.

Njoo jikoni ukishamaliza kusoma.

Mama yako